Hisa 50 kwa kadi ya heshima hotelini: Nani hasa ananufaika?

KATIKA nyumba za wageni za Buzuruga, jijini Mwanza, heshima ya mgeni hupimwa kwa jambo moja: amekuja mara ngapi. Mfanyabiashara wa kutoka Musoma au Sirari anayelala hapo kila wiki hupewa chumba kilicho mbali na honi za mabasi, na siku akipungukiwa huaminiwa hadi safari ijayo. Hakuna kadi wala fomu. Mhudumu anamjua kwa sura, basi.

Hoteli kubwa za dunia zimeigeuza desturi hiyo kuwa hesabu. Kundi la Accor la Ufaransa, lenye majina kama Novotel, ibis, Fairmont na Mövenpick, limekuwa likimtaka mgeni alale usiku 30 kwa mwaka ndipo afikie daraja la Dhahabu, na usiku 60 kwa daraja la Platinamu, au atumie fedha za kutosha kukusanya pointi zinazolingana na hapo. Anayefika huko hupewa chumba bora zaidi kikiwapo, huruhusiwa kuchelewa kuondoka na hupokewa kwa jina lake mapokezini.

Lakini upo mlango wa pembeni. Accor ina klabu ya wanahisa wake, ambayo masharti yake yanayojulikana ni kumiliki hisa 50 za kawaida zilizotunzwa benki, au hisa moja tu iliyoandikishwa kwa jina la mwenyewe katika daftari la kampuni. Miongoni mwa zawadi ambazo klabu hiyo imekuwa ikizitoa ni kadi ya daraja la juu katika mpango wa wateja wa kudumu. Kwa maneno mengine, mtu aliweza kuheshimiwa kama msafiri mkongwe bila kulala hata usiku mmoja.

Swali la kwanza ni kwa nini kampuni igawe bure kitu ambacho wengine wanakihangaikia mwaka mzima. Jibu limo katika tofauti ya hisa 50 na hisa moja. Hisa iliyotunzwa benki hubadilisha mikono bila kampuni kumjua mwenyewe. Iliyoandikishwa kwa jina humtambulisha. Kampuni humpenda mwanahisa inayemjua, kwa sababu huyo hauzi haraka bei inapotikisika. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2014 ilikwenda mbali zaidi: hisa iliyoandikishwa kwa jina na kushikiliwa kwa miaka miwili hupata kura mbili, isipokuwa wanahisa wenyewe wakatae utaratibu huo. Kwa hiyo kadi si ukarimu mtupu. Ni namna ya kumfunga mwanahisa na mteja kwa kamba moja.

Tukija kwenye gharama, ndipo mambo yanapokuwa mazito. Katika miaka ya karibuni hisa moja ya Accor imeuzwa kati ya euro 20 na 50 hivi. Tukichukua euro 40, hisa 50 ni euro 2,000, yaani zaidi ya Sh5 milioni za Tanzania. Kwa mkazi wa Mwanza, fedha hizo zingemlaza Buzuruga usiku mwingi mno.

Hatari kubwa zaidi ni ya bei. Kampuni ya meli za utalii ya Carnival, ya Marekani, kwa muda mrefu imempa mwenye hisa 100 fedha za matumizi melini: dola 50 kwa safari fupi, dola 100 kwa safari ya wiki moja hivi na dola 250 kwa safari ya siku 14 au zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2020 hisa hiyo ilikuwa ikiuzwa karibu dola 50. Machi mwaka huo meli zikasimama kwa sababu ya corona, na Aprili kampuni yenyewe ikauza hisa mpya kwa dola 8. Mwenye hisa 100 alipungukiwa na takriban dola 4,000 kwenye karatasi, huku zawadi yake ya dola 250 haina meli ya kutumikia. Accor nayo ilifuta gawio mwaka huohuo. Kasoro ya zawadi za namna hii ndiyo hiyo: kinachoiangusha hisa ndicho kinachofunga hoteli, na mwanahisa hupigwa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Afrika Mashariki hatuko nje ya hadithi hii. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998, hakuna hisa za hoteli za kununua. Anayezitaka huelekea Nairobi, ambako TPS Eastern Africa, yenye hoteli za Serena, imeorodheshwa tangu mwaka 1997. Kampuni hiyo inamiliki hoteli Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Nayo iliumizwa na janga la mwaka 2020, ikakaa miaka kadhaa bila kutoa gawio.

Wanahisa wetu wadogo, hata hivyo, wamezoea zawadi za aina nyingine. Mikutano mikuu ya mwaka jijini Nairobi ilijulikana kwa kofia, miavuli na maboksi ya chakula, na kampuni zilipoanza kupunguza vitu hivyo malalamiko yalisikika. Wapo waliowacheka waliolalamika. Mwandishi huyu hawacheki. Mwenye hisa 200, ambaye gawio lake halifikii nauli ya kwenda mkutanoni, ana sababu ya kuuthamini mwavuli kuliko hotuba ya mwenyekiti.

Na hapo ndipo mfano wa Wafaransa una ladha yake. Kadi ni ileile kwa mwenye hisa 50 na mwenye hisa 50,000, hivyo kwa kila shilingi iliyowekwa mdogo ndiye anayepata zaidi. Aidha, kwetu utaratibu huo ungekuwa mwepesi kuendesha, kwa kuwa hisa katika soko la Dar es Salaam kwa kawaida huandikwa kwa jina la mwenyewe katika kumbukumbu za kielektroniki. Kampuni haina haja ya kumtafuta mwanahisa wake, tayari inamjua. Benki, kampuni za simu na viwanda vya bia vilivyoorodheshwa vingeweza kufanya hivyo bila gharama kubwa.

Kwa mnunuzi, hata hivyo, maswali ya kumuuliza dalali ni mengine kabisa: je, kampuni imetoa gawio mara ngapi katika miaka mitano, na ina madeni kiasi gani? Na kama kuna zawadi, imeandikwa wapi, na nani anaweza kuifuta? Zawadi nyingi za aina hii ni hiari ya menejimenti, na huweza kuondolewa bila kura ya mkutano mkuu.

Mabasi yanayotoka Mwanza kwenda Musoma hupita jirani na Ndabaka, lango la magharibi la Hifadhi ya Serengeti. Ndani kabisa ya hifadhi hiyo kuna hoteli ya Serena, na abiria mwenye hisa za TPS mfukoni ana sehemu yake humo, hata kama ni ndogo kama punje. Hisa hizo zinampa haki ya gawio likitangazwa, na ya kura katika mkutano mkuu. Haki ya chumba haimo.