Breki Kwanza, Mngurumo Baadaye!

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mimi ukingo wenyewe nimeuona kwa macho yangu haya mawili, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Ndugu msomaji, muhula uliopita palizuka ubishi mkali bwenini. Mtu akiwa na gari kuukuu la spoti na vijisenti vichache, aanze kulitengeneza wapi? Karibu wote walisema injini. "Tia mashine kubwa, lingurume, watu wageuke!" Nilipotaja breki na shoki za mbele nilichekwa, nikabandikwa jina la Mzee. Haya basi, Mzee anajibu.

Mjomba wangu wa Limuru ana Datsun 240Z. Msidhani ni kigari cha mchezo. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann alishinda Safari Rally kwa gari la aina hiyo, na mwaka wa 1973 Shekhar Mehta naye akashinda nalo, huo ukiwa ushindi wake wa kwanza kati ya mitano. Injini yake ina silinda sita, lita 2.4, na gari zima lina uzito wa takriban tani moja tu. Tangu kiwandani halikuwa goigoi. Lakini mjomba alitaka zaidi. Akaziondoa kabureta mbili lilizokuja nazo, akafunga tatu kubwa, na ekzosi ya kuamsha kijiji. Je, breki? "Zinashika, mwanangu." Na kweli zilishika, kwenye tambarare.

Likizo ya Desemba tuliteremka kuelekea Mai Mahiu. Anayeijua barabara ile anajua: upande huu jabali, upande ule Bonde la Ufa lote limetandazwa chini kama mkeka. Malori yametangulia, kona baada ya kona, na mjomba mguu hautoki kwenye breki. Kabla hatujalifikia lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita Waitaliano mwaka wa 1942, pedali ikazama hadi sakafuni. Haikurudi! Mjomba hakusema neno. Alishusha gia, ya tatu, ya pili, injini ikalia, akavuta breki ya mkono, akalisukumiza gari kwenye ukingo wa udongo kando ya jabali. Tulisimama taa moja ikiwa imepasuka. Hatua chache mbele yetu watoto wawili walikuwa wameketi na ndoo zao za matunda ya kuuza. Walitutazama tu. Sura zao ninazo hadi leo.

Fundi alipofungua alicheka kwa uchungu. Mafuta ya breki yalikuwa meusi kama chai ya mkandaa. Kumbe mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hustahimili angalau nyuzi 230 za selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishaingiwa na maji, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, nao mvuke hubonyea, hivyo mguu wako unakanyaga hewa tupu. Tena tulijifunza katika fizikia kwamba mwendo ukiwa maradufu, nishati ya kumalizwa na breki huwa mara nne. Na gari likifunga breki uzito wote huinamia mbele. Ndiyo sababu kazi kubwa hufanywa na magurudumu ya mbele. Sasa niambieni, hizo kabureta tatu zinasaidia nini hapo?

Lakini nawaonya hata wanaokubaliana nami. Kuna wale wanaokimbilia kununua diski kubwa siku ya kwanza. Hapana, jamani! Gari la miaka zaidi ya 50 lina bushi zilizokauka, bolijointi zinazocheza, shoki (wengine huziita shokomzoba) zilizovuja zamani, na mipira ya breki iliyopasukapasuka. Hayo yabadilishwe kwanza, pamoja na mafuta na tairi, maana kinachogusa barabara ni tairi, si diski. Gurudumu linalorukaruka kwa sababu ya shoki mbovu halina cha kushika, hata ulifunge breki za ndege.

Rafiki yangu mmoja anasisitiza gari lishushwe hadi bampa inuse lami. Labda huko kwao hakuna matuta! Gari kama hili likishushwa kupita kiasi, mkono wa chini wa gurudumu hukaa mshazari, na kila shimo linavuta usukani upendako lenyewe. Bushi ngumu za plastiki nazo zina faida, ila ule ufito unaouzuia mkono usiende mbele na nyuma haufai kukazwa kwa bushi ngumu pande zote mbili. Chuma kisichopata nafasi ya kunyumbuka huvunjika.

Baada ya hapo ndipo zije breki kubwa, na hapa Mkenya ana bahati. Kalipa za pistoni nne za pikapu ya Hilux ya 4x4 ya miaka ya themanini huingia kwenye matundu yaleyale ya bolti za 240Z. Hukatwa tu bamba la kuzuia vumbi, na rimu ipimwe isije ikakwaruza. Kwa kuwa eneo la pistoni zote kwa jumla ni kubwa zaidi, zinahitaji mafuta mengi zaidi kila ukikanyaga, kwa hiyo pampu kuu ya inchi 7/8 hubadilishwa kwa ya 15/16, la sivyo pedali itakwenda chini mno.

Mjomba ameelewa. Ameziuza kabureta mbili kati ya zile tatu, ya tatu hajapata mteja. Bushi na shoki mpya tumeshafunga. Kalipa za Hilux zimo guniani chini ya meza ya fundi, tunangoja pampu, na gari lingali juu ya mawe.