Mifumo Kusomana Si Kuchanganya Taarifa

Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi jijini Dar es Salaam tarehe 3 Aprili, 2024, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa imekwishaanza kutumika tangu tarehe 1 Mei, 2023. Wakati huohuo, Serikali imeendelea kusisitiza kuwa mifumo ya TEHAMA ya taasisi za umma isomane, ili mwananchi asidaiwe katika kila ofisi nyaraka ambazo Serikali tayari inazo. Wapo wanaoona maelekezo hayo mawili yanakinzana. Hayakinzani, ila yanadai kazi inayoahirishwa kwa urahisi: kutenganisha taarifa na kutenganisha majukumu.

Katika usajili wa laini za simu, alama ya kidole ya mwananchi hulinganishwa na kumbukumbu za NIDA. Anachohitaji mtoa huduma ni uthibitisho wa utambulisho, si jalada zima la mhusika.

Hospitalini suala ni gumu zaidi. Karani wa mapokezi anahitaji jina na namba ya jalada. Mhasibu anahitaji gharama. Majibu ya maabara ni ya daktari na wahudumu wanaomtibu mgonjwa. Pale wote wanapoingia kwenye mfumo kwa nywila moja, pengine iliyobandikwa ukutani, taarifa ikivuja hakuna atakayejulikana. Nazo taarifa za afya, kama zile za watoto na za alama za vidole, sheria imeziweka katika kundi la taarifa nyeti.

Upande wa michakato, kanuni ni ya siku nyingi katika uhasibu wa Serikali: anayeandaa malipo hayaidhinishi. Kwa mantiki hiyohiyo, msimamizi wa mfumo hapaswi kuwa na uwezo wa kufuta kumbukumbu za matendo yake mwenyewe, na wanaojaribu programu mpya hawapaswi kukabidhiwa nakala ya taarifa halisi za wananchi.

Kwa halmashauri yenye maafisa TEHAMA wachache, sharti hili ni zito, kwani mtu mmoja hulazimika kushika funguo zote. Nafuu iliyopo ni kumkabidhi mkaguzi wa ndani jukumu la kupitia kumbukumbu hizo, bila kumtegemea afisa anayekaguliwa. Mwananchi anayeona taarifa zake zimetumika kinyume na lengo la kukusanywa kwake anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume.