Anga Ni Pana, Kiwanja Ni Kimoja

Kila masika yakianza, Likoni na Changamwe utasikia onyo lile lile: leo usipande ndege ndogo, wingu limeshuka. Kaskazi ikiingia na mbingu ikatakata, watu hao hao hupanda bila wasiwasi. Anga ni pana, wanasema, ndege mbili zitakutana vipi?

Imani hiyo ni potofu, na inatuponza. Mvua na ukungu vina hatari zake, sikatai. Lakini kugongana angani ni ajali ya mchana mweupe. Wachunguzi wa Marekani, waliozipekua ajali hizi kwa miongo, wanakuta yale yale: jua linawaka, rubani anaona mbali, ndege ziko chini karibu na kiwanja, nyingi zikizunguka kusubiri kutua. Siku mbaya ndege ndogo hulala. Siku nzuri zote huruka, na zote zinataka ukanda ule ule wa lami. Bahari ya Hindi nayo ni pana, lakini nahodha huwa roho juu akiingia mlango wa Kilindini, feri za Likoni zikikata mbele yake.

Tarehe 5 Machi 2024, asubuhi, ndege ya abiria ya Safarilink, Dash 8, iliondoka kiwanja cha Wilson, Nairobi, na watu 44 kuja Diani, huku kwetu. Juu ya Mbuga ya Nairobi ikagongana na Cessna 172 ya shule ya urubani. Ile kubwa ilirudi ikatua salama. Mwalimu na mwanafunzi waliokuwa kwenye Cessna walikufa, hatua chache tu kutoka kiwanjani.

Rubani si ana macho? Anayo. Lakini ndege inayokuja kukugonga haisogei kiooni. Ni doa dogo lililotulia pale pale, halafu ghafla linajaa kioo kizima. Na bawa la Cessna liko juu: ikikata kona, linaziba upande ule ule inakoelekea. Tangu jicho lione hadi ndege ianze kukwepa, Wamarekani hukadiria sekunde 12 na nusu.

Kwa hiyo utulivu wa kiwanja cha Ukunda, au wa kile cha Moi pale Changamwe, usitulaze. Mamlaka ya Usafiri wa Anga izitenge ndege za mafunzo na za abiria, kwa njia na kwa saa, na kila kindege kinachokaribia viwanja hivi kiwe na kifaa cha kumwonya rubani kwamba kuna mwenzake karibu. Yafanyike kabla ya Desemba, wageni hawajajaa Diani.