Sindano ya mbwa si ya mtoto

Wiki iliyopita mama mmoja wa hapa Kihonda alitoa kwenye pochi chupa ya dawa iliyobaki baada ya mbwa wao kuchomwa sindano. "Dokta, mbwa kapona kidonda kwa sindano moja. Mwanangu kwa nini achomwe siku tano?" Nilifurahi kwamba aliuliza kwanza.

Chupani mlikuwa na oksitetrasaiklini ya asilimia 20, yaani miligramu 200 katika kila mililita. Imetengenezwa ikae msulini kama akiba na kuingia kwenye damu kidogokidogo kwa siku kadhaa. Figo huitoa kwa mkojo, nyingine hupitia kwenye nyongo na kutoka na kinyesi. Ndiyo maana huchomwa mara chache; si kwamba ina nguvu kuliko ya mtoto. Na ikishaingia mwilini hairudi. Mtoto akidhurika, hakuna namna ya kuinyonya msulini.

Kinachonitia hofu zaidi ni meno. Dawa za jamii hii hushikamana na kalsiamu ya meno na mifupa inayokua. Kwa mtoto wa chini ya miaka 8, meno yanaweza kubaki ya njano au kahawia maisha yote. Hata watoto wa mbwa hupata madoa hayo.

Wazazi wenzangu, muuzaji wa dawa za mifugo anajua kipimo cha ng'ombe, cha mwanao hajui. Mbwa akiugua, Morogoro tuna bahati: SUA wana hospitali ya wanyama.

Chupa nilimwomba aniachie. Mtoto amemaliza sindano zake tano juzi.