Hilux na Hilux Nazo Lazima Zioane!

Mwezi huu naomba tuziache kidogo habari za nani kamtumia nani ujumbe usiku, tuzungumzie kitu kingine kinachozua ugomvi kwenye nyumba za vijana: spea za mtumba za pikapu. Unacheka? Ngoja kwanza.

Wenzetu wengi walioanza maisha wana pikapu moja ambayo ndiyo kila kitu. Asubuhi inapeleka watoto shule, mchana inabeba chakula cha kuku au viti vya shughuli, Jumapili inakwenda ukweni. Siku ikigongwa, boneti na madigadi vikakunjamana, riziki nayo inasimama. Vya dukani bei yake inatisha, basi baba anachukua akiba ya nyumba, anakwenda zake Ilala au Gerezani, anauliza, "Kuna boneti ya Hilux?" Jibu ni lile lile siku zote: "Ipo, bosi wangu!"

Rafiki yangu mmoja aliletewa nyumbani boneti ya namna hiyo. Fundi alipoiweka, pale kwenye taa pakabaki uwazi wa kupitisha kidole, na komeo halikufika. Muuzaji kuulizwa, akajibu kuwa mali ikishatoka hairudi. Fedha yenyewe ilikuwa ada ya mtoto! Mama watu alinuna wiki nzima, na kwa kweli sikumlaumu.

Tatizo ni kwamba "Hilux" ni kama jina la ukoo tu. Mnaweza kuwa ukoo mmoja, lakini shati la kaka halimwenei binamu. Chukua ile tunayoiita Vigo. Ilitoka mwaka 2004 kule Thailand, na mwaka 2015 ikaja mdogo wake, Revo. Hao wawili hawaazimani boneti hata kidogo. Tena Vigo yenyewe ilibadilishwa sura mwaka 2011: boneti, shoo, taa na bampa la mbele. Ukichukua boneti ya 2008 ukaipeleka kwenye gari la 2012, utakuwa umenunua bati la kuezekea banda.

Haijaisha. Vigo ya dizeli ya 3.0 ina kifaa cha kupoza hewa ya tabo, kimekaa juu ya injini, ndiyo maana boneti yake ina tundu lile lililoinuka kama pua. Ukiifunika kwa boneti isiyo na tundu, utapendeza barabarani huku kifaa hicho kikikosa hewa yake. Madigadi nayo si yale yale: zile za chini za kazi zina bodi nyembamba, zile ndefu zinazovuta tairi zote nne zina bodi pana. Na mlango wa mbele wa dabo kebini ni mfupi kuliko wa kebini moja, kwa sababu nyuma yake lazima upatikane mlango mwingine.

Sasa ufanyeje? Kabla hujatoka nyumbani, tafuta kile kibati cha gari lako, ama kwenye injini ama kwenye nguzo ya mlango, ukipige picha. Utaona aina ya gari: KUN25 na KUN26 zote ni Vigo za dizeli zinazovuta tairi nne, lakini ya kwanza ni ya 2.5 na ya pili ni ya 3.0. Pembeni ya herufi C/TR kuna namba ya rangi. Ikiwa 040, yako ni nyeupe, na ukipata kipande cha 040 huenda ukaokoa hata gharama ya kupiga rangi.

Kisha pita kwa wakala, mpe namba ya chesisi, muombe namba ya spea. Kuuliza si ujinga, wala hulazimiki kununua kwake. Namba za Toyota zina tarakimu na herufi kumi: tano za mwanzo hutaja ni kitu gani, mfano 53301 ni boneti, na tano za mwisho ndizo hutenganisha aina moja na nyingine. Ukifika kwa muuzaji wa mtumba, usimuulize ana boneti ya Hilux. Muulize imetoka kwenye KUN ngapi, ya mwaka gani. Akibabaika, mshukuru uende duka la pili.

Beba na futi. Pima upana, pima umbali wa matundu ya bawaba, angalia komeo linakaa wapi. Beba na kasumaku kadogo: kasiponasa mahali, hapo kuna puti nene na kipande kilishawahi kugongwa. Pekua kingo za chini, ndiko kutu inakojificha. Na kabla hela haijatoka mfukoni, iandikwe kwenye risiti kwamba kisipokaa kinarudishwa. Risiti hiyo hiyo ndiyo itakayokutetea siku ukiulizwa ulikitoa wapi, maana kupokea mali ya wizi ni kosa.

Ushauri wangu wa mwisho ni huu: nendeni wote wawili. Mmoja ashike futi, mwingine ashike simu yenye picha. Eti "mambo ya magari ni ya wanaume"? Achaneni na hayo bwana! Akiba ni ya wawili, na pikapu ni ya wawili. Mkikubaliana pale pale dukani, hakuna wa kumnunia mwenzake jioni.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Endesheni taratibu!