Kirusi Kilicholala na Somo la Biolojia

Tumezoea kuchora virusi vya UKIMWI ubaoni kama jeshi linaloizingira ngome. Mchoro huo huvutia, lakini twaona kuwa unapotosha. Mwanafunzi aliyeukariri huamini kwamba kipimo kisipoona virusi katika damu, vita vimekwisha. Na katika madarasa yetu wamo wanaomeza dawa kila siku kwa siri.

Yatupasa kufundisha mambo yalivyo. Virusi hivi hupachika maagizo yao ndani ya DNA ya seli ya CD4 yenyewe. Seli hiyo ikipumzika na kuwa seli ya kumbukumbu, maagizo nayo hunyamaza, pengine kwa miaka mingi. Dawa huzuia virusi visizaliane na kuingia katika seli mpya; maagizo yaliyonyamaza haziyagusi. Siku seli inapoamshwa, tuseme na maradhi mengine, protini zilezile zinazoiamsha huweza kuyaamsha maagizo hayo pia. Mtoto mmoja wa Mississippi, Marekani, aliyeanza dawa saa 30 hivi baada ya kuzaliwa, alikaa miezi 27 bila dawa, na virusi havikuonekana. Mwaka 2014 vikarudi. Wengi wanaoacha dawa hurudiwa katika majuma machache tu.

Kiswahili, kwa bahati, kimetutangulia: twasema dawa za kufubaza, hatusemi za kuua. Mwalimu na aliandike neno hilo ubaoni kabla ya mchoro wowote, kisha aulize: kilichofubazwa kiko wapi?