Meseji za Bibi Si Takataka

Mwaka 2022 nilifuta meseji za bibi yangu kwa kidole changu mwenyewe. Simu ilikuwa inalalamika kila saa kuwa memori imejaa, na mimi nilitaka nafasi ya kupakua mihadhara. Nikafungua sehemu ya meseji: matangazo ya bando, ofa za bahati nasibu, namba za siri za benki. Nikachagua zote, nikabonyeza "Futa". Bibi alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Meseji zake, tangu 2013 nilipohamia mjini kusoma, nilikuwa nimezihamisha kutoka simu moja hadi nyingine mara mbili bila hata moja kupotea. Zilikuwa humo humo, katikati ya matangazo. Niligundua siku tatu baadaye, nilipotaka kumwonesha mdogo wangu moja.

Sihitaji pole. Nina ugomvi, na wa kwanza kugombwa ni mimi. Baada yangu wanafuata wanaouza matumaini ya "kurudisha meseji zilizofutwa", kisha wenzangu wasomi wanaosema "si meseji tu?", kisha vyuo vyetu, ambavyo barua ya sultani kwao ni waraka lakini maneno ya mkulima wa mwani ni uchafu wa kusafishwa kwenye simu.

Nianze na hiyo memori. Meseji moja ya kawaida ina nafasi ya herufi 160, na mtandaoni husafiri kwa baiti 140. Piga hesabu: maneno ya meseji elfu saba hayafikishi megabaiti moja. Picha moja ya sahani ya urojo iliyopigwa kwa simu yangu ina megabaiti tatu. Nilitupa miaka minane ya bibi yangu nipate nafasi isiyotosha theluthi ya picha ya urojo. Simu haikunidanganya, mimi ndiye sikuwahi kujiuliza ndani yake kuna nini na kina uzito gani.

Kisha nikaingia sokoni kutafuta tiba. Nilipakua programu iliyoahidi kurudisha kila kitu kwa dakika tano. Iliomba ruhusa ya kusoma namba zangu zote, picha zangu na mahali nilipo. Ikazungusha duara lake, ikaniletea orodha ndefu yenye ukungu, ikasema nikilipa ukungu utaondoka. Nililipa. Chini ya ukungu zilikuwa meseji ambazo sikuwa nimezifuta, zile zile zilizoko kwenye simu. Nikaenda Darajani kwa fundi. Alichukua fedha, akakaa na simu siku mbili, akanirudishia ikiwa imefomatiwa. "Dada yangu, sasa iko nyepesi," akaniambia.

Ilinibidi nisome mwenyewe ili nielewe nilichouziwa. Katika simu nyingi za Android, meseji hukaa ndani ya faili moja la hifadhidata. Ukifuta meseji, mara nyingi maneno hayaondoki papo hapo. Pale yalipo huwekewa alama kuwa ni kiwanja kitupu, na maandishi mapya yakija hujengwa juu yake. Kwa hiyo ni kweli kuna muda mfupi ambao mtaalamu mwenye vifaa anaweza kufukua kitu. Lakini programu ya kawaida hairuhusiwi kuingia mpaka huko chini, na simu za siku hizi huhifadhi data kwa usimbaji. Ukiifomati, funguo za usimbaji ule hutupwa, na hata kilichobaki hakisomeki tena. Yule fundi alivunja mlango kisha akatupa ufunguo baharini. Na programu ile iliyokuwa inazungusha duara ilikuwa inatumia muda na nafasi ile ile niliyokuwa naihitaji.

Basi huo ndio ukweli ambao hakuna anayeutangaza, kwa sababu hauna mnunuzi: meseji iliyofutwa haitafutwi pale ilipofutwa. Hutafutwa kwingine. Kwenye nakala ya akiba ya akaunti yako, kama uliwahi kuiwasha. Kwenye simu ya zamani iliyolala kabatini. Kwenye laini ya zamani, kwa sababu laini nazo zina nafasi ya meseji chache. Na kwa mtu wa upande wa pili.

Mtu wangu wa upande wa pili alikuwa amezikwa Kizimkazi Dimbani. Lakini simu yake haikuzikwa. Shangazi alikuwa nayo ndani ya kopo la biskuti, pamoja na kitambulisho cha bibi na kipande cha kamba ya tai-tai ya kufungia mwani. Kiswaswadu cha vitufe, namba zimefutika kwa kubonyezwa. Tukapata chaja kwa jirani. Kikawaka.

Kwenye sanduku la meseji zilizoingia zilikuwepo zangu. Miaka ya meseji zangu kwa bibi, zimepangwa vizuri. Nazinukuu, maana ni zangu: "Ok." "Sawa bibi." "Poa." "Nikirudi ntakwambia." "Ok." "Nipo darasani." "Ok."

Zake hazikuwemo, kwa sababu simu ile ilikuwa haihifadhi zilizotumwa. Nilikuwa nimeufuta upande wa mtu aliyekuwa na la kusema, na ukabaki upande wa asiye na neno.

Lazima nieleze bibi alikuwa anasema nini, kwa kuwa hapo ndipo ugomvi wangu unapohama kutoka kwangu. Bibi hakusoma skuli. Alijifunza herufi kwenye kisomo cha watu wazima baada ya Mapinduzi, na kwa miaka karibu arubaini hakuwa na la kuandika wala wa kumwandikia. Kilichompa pa kuandikia ni simu. Alinitumia habari za bamvua na maji mafu, nani kavuna mwani na nani kamba zake zimechukuliwa, pweza wamepatikana au hawakupatikana, nani kazaa, nani kaomba deni la mchele. Na aliandika kama alivyosema, kwa Kikae, lahaja ya kusini mwa Unguja ambayo vitabuni huitwa pia Kimakunduchi.

Kikae kimeandikwa juu yake zaidi kuliko kilivyoandikwa chenyewe. Odile Racine-Issa alichapisha maelezo yake kwa Kifaransa mwaka 2002. BAKIZA imekitolea kamusi. Ni kazi nzuri na nimezitumia. Lakini huko lahaja inaulizwa maswali na mtafiti, nayo inajibu. Bibi hakuwa anajibu dodoso. Alikuwa anamwambia mjukuu wake asisahau kumpigia ami. Katika Kikae, jambo lililokwisha kutendeka halisemwi kwa ile -me- tuliyofundishwa skuli. Kazi hiyo hufanywa na irabu za mwisho wa kitenzi. Bibi aliziandika irabu zile bila kujua kuwa kuna mtu aliyewahi kuzifanyia utafiti. Simu yangu, iliyowekwa Kiswahili, ingezipigia mstari mwekundu zote.

Wenzangu wananiambia pwani yetu ni ya masimulizi, kwa hiyo tusililie maandishi. Waje Dimbani. Pale ufukweni kuna msikiti ambao kibla chake kina maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, na mwaka umo: 500 Hijria, yaani 1107. Msikiti umejengwa upya baadaye, maandishi yakabaki. Bibi alizaliwa na kufa akisikia adhana yake. Mji wenye mwandiko wa miaka mia tisa haustahili kuambiwa kuwa kuandika si kwake.

Na wakisema kuwa lile ni jiwe la ibada, na meseji za pweza ni porojo, niwapeleke Goa. Maandishi ya Kiswahili ya zamani zaidi tunayoyajua ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu. Ziko Goa, India, kwa sababu zilipelekwa kwa Wareno, na Wareno walikuwa na ofisi inayoweka makaratasi. Mwaka 1892 Mjerumani Carl Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ya hati hizo hizo, barua za watu wa pwani zikiwemo. Leo mwanafunzi wa historia akitaka kujua watu wa karne ile walivyoandikiana, anakwenda kwa Büttner. Mara nyingi mno maandishi yetu yamesalia kwa sababu mgeni alikuwa na faili. Barua walizoandikiana mtu na shangazi yake, zisizomhusu mgeni yeyote, ziko wapi? Ziliwashia moto jikoni. Meseji za bibi zilikuwa za namna hiyo, na safari hii aliyewasha moto ni msomi.

Ndiyo maana sivikubali vyuo vinavyotufundisha kuheshimu waraka kwa kuuangalia umri wake. Nenda Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa, uone barua za watawala zinavyotunzwa. Ni haki yake. Lakini barua zile nazo siku moja zilikuwa mpya, na kuna mtu aliyeamua asizitupe kabla hazijawa na thamani. Nilipomwambia mwalimu mmoja kuwa nataka meseji za wazee wa Kizimkazi ziwe data ya tasnifu yangu, aliniuliza kama sina kitu cha maana zaidi. Alikuwa akiuliza kwa upole. Upole ule ndio uliokuwa umenifanya mimi mwenyewe nibonyeze "Futa" bila kusoma.

Kuna pingamizi moja ambalo silidharau. Meseji ni siri. Wengi wanaotafuta namna ya kurudisha meseji zilizofutwa hawatafuti za bibi; wanatafuta za mume, za mke, za mtoto wa kike. Wanataka kufukua simu ya mtu mwingine. Nasema wazi: huo ni wizi, hata kama mwizi ana wivu wa haki. Na marehemu naye ana stara yake. Bibi aliniandikia mimi, hakuliandikia darasa. Ndiyo sababu hamuoni hata meseji yake moja hapa. Lakini stara haitaki tuchome moto. Inataka ruhusa, na ruhusa huombwa kwa mtu aliye hai. Mimi nilichelewa kuomba kama nilivyochelewa kunakili.

Kwa hiyo ninachotaka ni hiki. Usilipe mtu yeyote anayekuahidi miujiza kabla hujamuuliza ataingiaje na ataitafuta wapi. Ikiwa umefuta leo, acha kuitumia simu hiyo, usiifomati, kisha mwendee mtu wa upande wa pili. Ikiwa hujafuta, washa nakala ya akiba usiku huu, halafu usiitegemee: nakili meseji za mzee wako kwenye daftari, na kila moja andika tarehe, mahali, na nani anayetajwa, kwa sababu mjukuu wako hatomjua huyo ami. Usimsahihishe tahajia. Muulize mwenyewe ipi ibaki na ipi iondoke. Na nyinyi wa vyuoni na wa Kilimani, wekeni utaratibu wa kupokea maandishi haya kwa idhini ya wenyewe, kama mnavyopokea barua. Haitaki jengo jipya. Nimeshawapigia hesabu: wazee elfu moja, kila mmoja na meseji elfu saba, hawajazi hata gigabaiti moja.

Katika kile kiswaswadu kulikuwa na sehemu moja ambayo karibu tungeipita: rasimu. Zilikuwemo nne, meseji ambazo bibi alizianza asizitume. Tatu ni herufi mbilimbili, labda kidole kiliteleza. Ya nne ilikuwa kwangu, mstari mmoja na nusu, kuhusu upepo. Ina neno ambalo sikulielewa, mimi mwanafunzi wa isimu, mjukuu wake wa damu. Shangazi alilisoma mara moja akacheka, akanieleza. Silitaji hapa mpaka nilisikie kwa watu wengine pia. Neno halijengwi juu ya rasimu moja ya mtu mwenye kisomo na vitufe vilivyofutika. Nimekwishaanza kuuliza.

Shangazi sasa ananiandikia kila baada ya siku mbili tatu, kwa Kikae, na mimi simjibu "Ok" tena. Namjibu kwa sentensi nzima, naye hunisahihisha. Mwezi uliopita nilimwomba ruhusa ya kuzinakili meseji zake zote kwenye daftari. Alikaa siku nzima bila kujibu. Usiku ikaingia: niandike, lakini ile ya deni la mchele niiache.